Taa ya Chumba cha Mafaili

“Iteremshe hiyo taa. Taa gani inayosimulia habari za watu?”

Aliyesema ni Editha, amesimama mlangoni mwa chumba cha mafaili, mikono kiunoni, ufunguo wa chumba umening’inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Juu ya ngazi alikuwa Brightson, mpwa wa daktari, ameuma bisibisi. Hata kama angetaka kujibu, asingeweza.

“Nakuuliza wewe, mwanangu. Nimekusikia ukimweleza mjomba wako. Umesema taa hii inapeleka habari kwa mwanga. Umesema, hukusema?”

Brightson akatoa bisibisi mdomoni. “Shikamoo kwanza, mama.”

“Marahaba. Umesema?”

“Nimesema.”

“Basi iteremshe.”

Mie nilikuwa nje ya dirisha na ndoo yangu ya vitumbua, kwa kuwa ilikuwa saa nne, na saa nne ni yangu. Nauza vitumbua Keko mwaka wa kumi na saba sasa, katikati ya zahanati ya Daktari Gibson na duka la Mzee Hamoud. Mbele yangu ni mafundi seremala, na vitanda vyao wamevipanga mpaka barabarani. Ni sehemu nzuri. Ugomvi wote wa asubuhi unapita kwangu kwanza.

Daktari akatoka chumbani kwake, miwani kwenye paji la uso. “Dada Editha, kuna nini tena?”

“Kuna taa.”

“Taa si inawaka?”

“Ndiyo shida yake.”

Hapo inabidi nieleze habari ya taa, maana mie mwenyewe nilielezwa mara tatu. Zamani zahanati ilikuwa na waifai ya kawaida. Paswedi yake ilikuwa namba ya simu ya zahanati, ile iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango, kila tarakimu kubwa kama sahani. Mafundi wote wakaijua. Saa ya kupumzika walilala juu ya vitanda wanavyouza, vichwa vyote vimeelekea ukuta wa zahanati, wanatazama mpira. Mteja akija kuuliza bei, kwanza amwamshe aliyelala juu ya bidhaa. Bando la daktari likawa linakwisha tarehe kumi. Tena akaambiwa kwamba anayeingia kwenye waifai yako, akiwa mjanja, anaweza kuchungulia na mengine.

Ndipo Brightson akaja na taa zake. Anafanya kazi na watu fulani wanaozijaribu, wakampa tatu za kufunga bure: moja mapokezi, moja kwa daktari, moja chumba cha mafaili. Ukiitazama, ni taa tu. Kumbe inawaka na kuzima mara mamilioni kwa sekunde moja, jicho haliwahi kuona. Kwenye laptopu unachomeka kidude kama flashi chenye jicho la kioo. Kidude kinasoma kule kuwaka na kuzima kama mtu anavyosoma maandishi, kisha kinajibu kwa mwanga wake ambao macho yetu hayauoni. Habari zote za kompyuta zinapita humo.

“Waifai inapita ukutani,” Brightson alisema. “Mwanga haupiti. Ukifunga mlango, siri za wagonjwa zimebaki ndani. Hakuna aliye nje atakayezipata.”

Daktari alilipenda sana neno hilo. Akapenda na jingine: kwamba kwenye simu yake ataona kila laptopu ipo chini ya taa gani.

“Kwa hiyo nikienda chooni utajua?” Editha akamuuliza daktari pale mlangoni.

“Ukienda na laptopu, dada.”

“Nani anaenda chooni na laptopu?”

Daktari akashusha miwani. Editha akanyoosha kidole juu. “Mwanga haupiti ukutani, sawa. Ukuta wenyewe unaishia wapi?”

Wote tukatazama juu, na mie kupitia nondo za dirisha. Jengo lile ni la Mzee Hamoud, lilijengwa na marehemu baba yake. Ni refu, la bati moja, limekatwa vyumba. Zahanati imepanga nusu, duka ni nusu. Kuta za katikati hazifiki batini. Baba yake aliziacha futi tatu chini, hewa ipite na matofali yabaki. Dari hakuna. Na kwa kuwa dari hakuna, Brightson alifunga taa yake kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati, juu kabisa, juu kuliko ukuta.

“Upande wa pili ni stoo ya Hamoud,” Editha akasema.

“Mwanga unashuka chini, mama,” Brightson akasema. “Taa inaangalia meza.”

“Inaangalia inapotaka. Ni taa.”

Daktari akasema Editha anaogopa kompyuta. Akasema watu wa rika lake wengi wanaziogopa, hakuna aibu. Akampa mpaka Ijumaa awe ameanza kuingiza mafaili kwenye laptopu. Asipoanza, aandike barua ya kuacha kazi, naye ataipokea kwa masikitiko. Editha alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye chumba kile. Mume alikwisha kufariki, nyumba ya Mbagala bado haijapauliwa nusu, na kompyuta aliisomea parokiani kabla daktari hajanunua ya kwanza. Hakusema lolote kati ya hayo. Alichukua vitumbua vyake viwili, akatoka nje kuvila.

Kuhusu vitumbua viwili, subirini kidogo.

Pale Keko tunamwita Mama Faili. Ni mtu wa Bukoba, mrefu, hacheki ovyo. Keko yote tunapiga kelele kwa sababu ya mashine za randa na misumeno. Mtu akitaka chumvi anaiomba kana kwamba nyumba inaungua. Editha peke yake ananong’ona. Mgonjwa akitaka majibu lazima aingize kichwa chote dirishani, na Editha atamwambia sikioni, kisha atamtazama mpaka aondoke. Mgonjwa hamwiti kwa jina. Amekata vipande vya boksi, ameviandika namba, na huo ndio mwito wake. Mkeo akija kuuliza habari za ugonjwa wako, atamwambia hakujui. Mkeo akisema mbona jana mlikuja pamoja, atamwambia jana yeye hakuwa kazini.

Hakuzaliwa hivyo. Zamani naye alikuwa anapiga kelele kama sie.

Miaka kumi na moja iliyopita nilipeleka choo changu kupimwa pale zahanati kwa sababu ya tumbo. Saa nne na nusu majibu yakawa tayari. Mashine za randa zilikuwa zinanguruma zote, kwa hiyo Editha akavuta pumzi akaniita kwa nguvu zake zote. “MAMA HOPE! MAJIBU YAKO YA CHOO! UNA AMIBA NA—” na umeme ukakatika. Mashine zote zikanyamaza kwa mpigo. Keko nzima ikawa kimya kama kanisani, na katika kimya hicho neno la mwisho likatoka peke yake, likapita juu ya ukuta, likaingia dukani kwa Hamoud, ambako watu saba walikuwa kwenye foleni ya sukari.

“MINYOO!”

Mie ni muuza chakula. Miezi miwili sikuuza kitu, ila kwa mtu mmoja. Vitumbua nilikula na wanangu asubuhi, mchana na jioni, mpaka Hope akaniuliza kama duniani kuna chakula kingine. Nilimeza dawa, nikarudi kupimwa, nikapona. Hilo halikumfikia mtu.

Editha hakuniambia pole. Ila kesho yake baada ya tangazo lile, saa nne, alitoka, akanunua vitumbua viwili, akasimama katikati ya barabara pale magari ya mbao yanapopita, uso umeelekea kwa mafundi, akala. Hakuharakisha. Keshokutwa yake vilevile. Watu wakasema, yule anayejua magonjwa yetu wote mbona anakula? Mwezi wa tatu akaja fundi mmoja, wakaja wawili. Biashara ikarudi. Editha hakuacha. Kila siku ya kazi, viwili, katikati ya barabara, mvua au jua. Mie sikumwambia asante, naye hakuniambia samahani. Tuliendelea hivyo.

Kwa hiyo alipokuja kwangu Alhamisi, siku moja kabla ya barua, na si saa nne bali saa mbili, nikajua kuna jambo.

“Mama Hope, nataka kukuomba kitu.”

“Omba.”

“Nataka kujaribu ile taa. Naingiza faili moja kwenye laptopu, nahamia stoo kwa Hamoud, naona kama litafunguka. Likifunguka, daktari ataamini. Lisipofunguka, mie ni mjinga, naandika barua yangu.”

“Sasa mie naingia wapi?”

Akatazama chini. Sikuwahi kumwona Editha akitazama chini. “Faili lazima liwe la mtu. Nikifungua la mtu asiyejua, mie na hiyo taa hatuna tofauti. Nataka la mtu aliyekubali.”

Nikageuza vitumbua upande wa pili, maana haviwezi kusubiri mazungumzo.

“Chukua langu,” nikasema. “Langu lilishatangazwa.”

Angeishia hapo mtu mwingine. Yeye alitoa karatasi aliyokwisha kuiandika, kwamba mimi fulani nimeruhusu faili langu lifunguliwe tarehe fulani mahali fulani, akanipa kalamu nisaini. Nikasaini na mafuta ya mkononi. Akaisoma, akaipuliza, akaikunja.

Alikaa na laptopu nusu saa, anaandika. Saa nne kasoro tukaingia dukani kwa Mzee Hamoud. Mzee yupo kaunta kila siku tangu nimfahamu, kofia nyeupe, redio ndogo. Anauza mchele, sukari, sabuni, na maoni.

“Mzee Hamoud, shikamoo. Tunaomba kuingia stoo.”

“Marahaba, bibie. Karibuni. Msihangaike na swichi, balbu iliungua mwaka juzi.”

“Unaonaje humo sasa?” nikamuuliza.

“Taa ya dokta inanitosha. Hii mpya, wallahi, nasomea mpaka tarehe za unga.”

Editha akanitazama.

Stoo ilikuwa nyeupe kama ukumbi wa harusi. Taa ya Brightson ilikuwa inatuchungulia kutoka juu ya ukuta, nzima nzima, haijifichi. Editha akavua viatu, akapanda juu ya magunia ya mchele, akaketi, akaweka laptopu mapajani, akageuza kile kidude kiitazame taa. Kilikuwa na alama nyekundu. Ikawa nyekundu kwa muda wa kumeza mate mara mbili, kisha ikawa ya kijani.

Faili langu likafunguka.

Mie niliishia darasa la saba, lakini jina langu nalisoma kwa mbali. Nilikuwa nimesimama chini ya magunia, na nyuma yangu Hamoud alikuwa amesogea na redio yake, na nyuma yake wateja watatu. Editha akaukunja mgongo, akachukua kipande cha khanga alichojifunga, akafunika kioo, akaniambia, “Panda.”

Nikapanda. Magunia mawili, na uzito wangu. Akanifunulia mie peke yangu.

“Ni lako. Soma mwenyewe.”

Nikasoma. Umri ambao hauwahusu. Amiba. Minyoo. Dawa, vidonge vingapi. Na chini yake, mstari ambao sikuwahi kuujua kama upo: *Amepimwa tena baada ya wiki tatu. Safi.*

“Uliandika na hili?”

“Niliandika siku ileile. Kwenye faili la karatasi lipo. Leo nimelihamisha kama lilivyo.”

Miaka kumi na moja. Minyoo ilipita juu ya ukuta bila nauli, na safi ikabaki kabatini kwa sababu kutangaza majibu ya mtu ni vibaya.

Hapo tukasikia sauti ya daktari upande wa pili. Alikuwa ameingia chumba cha mafaili, simu mkononi, tukawa tunasikia hata pumzi yake.

“Dada Editha? Brightson, njoo. Simu inaonyesha laptopu ipo humu, chini ya taa hii. Nimeangalia chini ya meza. Haipo.”

“Lazima iwepo, mjomba. Mfumo haukosei.”

“Basi itafute.”

Tukasikia makabati yanafunguliwa. Editha akawaacha watafute kidogo. Nadhani alistahili raha hiyo.

“Daktari,” akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kunong’ona.

Makabati yakanyamaza. “Uko wapi?”

“Kwa Mzee Hamoud. Juu ya mchele.”

Kabati moja likafungwa.

“Na laptopu?”

“Juu yangu. Nimefungua faili. Mwenyewe yupo hapa, amesaini.”

Brightson akasema haraka kwamba hiyo ni laptopu ya zahanati, imeshaingizwa kwenye mtandao, mtu mwingine asingeweza bila paswedi.

“Paswedi ipi?” Editha akauliza.

Daktari ndiye aliyejibu, polepole. “Ile ile.”

Mzee Hamoud akaitaja, tarakimu zote kumi, bila kutazama popote. Kisha akasema, “Ah, dokta, mbona mie siku zote nasikia kila kitu humo? Nimenyamaza tu. Mie si mtu wa maneno.”

“Hukunyamaza, mzee,” Editha akasema. “Vitumbua vya watu vilidoda miezi miwili.”

Hamoud akaongeza sauti ya redio.

Daktari akakohoa. “Dada Editha, ni kweli faili linasomeka hapo? Si unajaribu kunitisha?”

“Linasomeka. Lakini siwezi kukusomea. Umeruhusiwa kujua kwamba limefunguka, hukuruhusiwa kujua lililomo.”

“Mimi ndiye daktari!”

“Njoo basi uombe kwa mwenyewe.”

Nikamgusa goti. “Msomee,” nikasema. “Mstari wa mwisho tu. Na usimnong’oneze. Msomee kama siku ile.”

Editha akaniwekea laptopu mapajani. Alikuwa hajapandisha sauti miaka kumi na moja, sikujua kama bado anayo. Akavuta pumzi, akashika gunia kwa mkono mmoja.

“MAMA HOPE AMEPIMWA TENA! SAFI!”

Panya akakimbia kwenye kenchi. Daktari akasema, “Basi, basi, nimesikia.” Umeme haukukatika. Mashine za randa ziliendelea kunguruma kama kawaida, na kule nje hakuna aliyesikia. Wateja watatu wa Hamoud walikuwa wanatazamana.

“Amesema nini?” mmoja akaniuliza.

“Amesema safi.”

“Nini safi?”

“Nunua sukari yako uondoke.”

Barua haikuandikwa. Ijumaa daktari alileta mafundi ujenzi wawili na matofali. Mafundi seremala walitaka kuziba kwa mbao, wakasema ni kazi ya dakika kumi. Editha akawaambia mbao ina nyufa, naye hataki mwanga wenye nyufa. Wakapandisha ukuta mpaka bati. Walipomaliza, aliwasha taa, akafunga mlango, akaenda kukaa gizani stoo kwa Hamoud, anatafuta tundu. Akaona moja, dogo, kwenye kona ya kenchi. Likazibwa. Akaona jingine. Likazibwa. Paswedi akaibadilisha mwenyewe, na Brightson alipoiuliza, akamuuliza ya nini. Ile ya kuonyesha laptopu ipo chini ya taa gani, daktari aliizima kwenye simu. Alisema inamtia wasiwasi.

Ndipo Editha akaketi mezani, chini ya ile taa, akaanza kuingiza mafaili, moja moja, kwa vidole vyote kumi, haraka kuliko Brightson. Mzee Hamoud alinunua balbu. Alituonyesha risiti mara kadhaa, kama aliyefiwa.

Jumatatu saa nne Editha akaja dirishani kwangu, yaani kwenye ndoo yangu. Nikamfungia viwili kwenye gazeti kama siku zote. Akanyoosha mkono. Sikumpa.

“Editha, nikuulize. Unavipenda hivi?”

Akafikiri. Ni mtu asiyeweza kusema uongo, isipokuwa wa kumsitiri mgonjwa.

“Hapana.”

“Tangu lini?”

“Tangu cha kwanza. Mafuta yananichoma kifua. Huwa nakunywa dawa.”

“Miaka kumi na moja unakula viwili na unakunywa dawa?”

“Siku za kazi tu,” akasema.

Lori la mbao likapita. Tukangoja lipite.

“Basi acha,” nikamwambia. “Limekwisha.”

“Limekwisha kabisa?”

“Kabisa. Nenda kanywe chai yako kavu.”

Alisimama pale kidogo, mikono haijui pa kukaa bila gazeti. Kisha akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani, akafunga mlango nyuma yake.

Nikavirudisha vile viwili ndoo. Fundi wa kwanza alipofika akatazama barabarani, akanitazama mie, akauliza mbona leo Mama Faili hajatoka kula, anaumwa au vipi? Nikamwambia habari za afya za watu akaulize dirishani, na asisahau kuingiza kichwa.